Shangazi, nani atalipa kufundishwa kunyonyesha?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi mkunga mwenye stashahada, nina miaka 36, na huu ni mwaka wa tisa niko wodi ya wazazi kwenye hospitali moja ya serikali hapa Dar es Salaam. Sitaitaja. Nimeolewa, nina watoto wawili, tunakaa Mbagala.

Kilichonifanya niandike ni usiku mmoja wa mwezi wa tatu. Nilikuwa zamu na mwenzangu mmoja tu, wodi imejaa, vitanda vingine wamelala wawili wawili. Kulikuwa na mama wa uzazi wa kwanza, amejifungua kwa upasuaji. Kila nikipita ananiita, "Sista, mtoto hashiki." Mara ya kwanza nilisimama, nikamshika mtoto kisogoni nikamsukumia kwenye ziwa, akavuta mara mbili akasinzia. Mara ya pili nikamjibu huku natembea, "Wewe mtie tu, atazoea." Mara ya tatu sikumjibu kabisa. Siku ya tatu aliruhusiwa kwenda nyumbani.

Siku ya sita akarudi. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1, mzani ukasoma 2.6. Macho manjano, sauti ya kulia imekuwa kama ya kitoto cha paka, na tangu jana yake asubuhi alikuwa amekojoa mara moja. Alilazwa, akatibiwa, akapona. Yule mama hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu, "Sista, nilimtia kama ulivyoniambia." Siku wanaondoka akanipa namba yake ya simu, nije nimwone mtoto akikua. Sijawahi kumpigia.

Tangu hapo nimekuwa nasoma mtandaoni usiku wanangu wakilala, ndipo nikakutana na habari za cheti cha kimataifa cha mshauri wa unyonyeshaji, kile wanachokiita IBCLC. Nimekitamani. Lakini kila ninayemwambia ananicheka. Kazini wanasema, "Nani wa Mbagala atalipa kufundishwa kunyonyesha? Mbuzi mbona hafundishwi?" Mama mkwe anasema kama ni kunyonyesha yeye amenyonyesha saba bila karatasi. Mume wangu hacheki, ila anasema kama ni kusoma nikasome shahada, maana shahada inapandisha daraja na mshahara. Ana hoja, na ndiyo maana inaniuma.

Pesa nayo ni tatizo. Kwenye kikoba nina akiba ya milioni moja na laki mbili, na ada ya shule ya mkubwa imo humo humo. Halafu Kiingereza changu, Shangazi, ni cha kwenye faili. Naandika ripoti ya zamu vizuri, lakini sijui kama nitaweza mtihani wa kimataifa.

Jambo dogo la mwisho. Kuna kijana mmoja nadhifu, anasambaza maziwa ya kopo, huwa anakuja na kalamu na kalenda za ukutani. Alisikia habari zangu, akanifuata, akasema kampuni yake ina fungu la kuwaendeleza wauguzi. Watanilipia mafunzo na mtihani. Sharti hakuna, ila siku moja moja nikazungumze kwenye semina zao za akina mama wajawazito. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nifanyeje? Miaka yangu tisa inahesabiwa? Nichukue hiyo pesa? Au nimsikilize mume wangu niachane na haya mambo?

Mkunga wa zamu ya usiku, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Huyo kijana umemweka mwisho na kumwita jambo dogo. Mimi namleta mbele, maana katika barua nzima ni yeye tu aliyekuwekea tarehe. Mjibu leo: hapana, asante. Na kalenda usipokee.

Tangu mwaka 1981 dunia ina Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, na inakataza kampuni za maziwa ya kopo kumvuta mhudumu wa afya kwa fedha au zawadi. Tanzania nayo ina kanuni zake, za mwaka 2013. Sasa angalia kichekesho chenyewe: Kanuni hiyo imo ndani ya mada za mtihani unaoutaka. Angekulipia mtihani ambao utaulizwa humo kwa nini hukupaswa kulipiwa na yeye. Na ukishakuwa mshauri wa unyonyeshaji, kitu pekee ulichonacho cha kuuza ni kuaminika kwako. Mama mjamzito aliyekuona Jumamosi umesimama chini ya bango la kopo, Jumatatu ukimwambia maziwa yake yanatosha, atakusikia kwa sikio gani? "Sharti hakuna, ila" ni sharti.

Usinielewe vibaya. Sisemi maziwa ya kopo ni sumu. Wapo watoto wanaoyahitaji, na yule wa kilo 2.6 huenda siku ile alihitaji kuongezewa kitu juu ya kile alichokuwa anapata kwa mama yake. Mshauri mzuri anajua lini kuongeza, kiasi gani, kwa kikombe au kwa kijiko, na namna ya kuyalinda maziwa ya mama wakati huo huo kwa kukamua. Tofauti yake na kijana wako ni kwamba mshauri hana kopo mkobani.

Tuje kwenye cheti. Wenzako wanaocheka wanafikiri ni jambo la wazungu wasio na kazi. Waambie fani hii haikuanzishwa na madaktari. Mwaka 1956 wanawake saba wa Franklin Park, Illinois, Marekani, walianza kusaidiana kunyonyesha wakati hospitali zao zilikuwa zikiwapa watoto chupa kama kawaida. Kikundi hicho, La Leche League, kikakua mpaka kikaonekana kuna haja ya kutenganisha mwenye moyo wa kusaidia na mwenye ujuzi uliopimwa. Mwaka 1985 ikaundwa bodi ya kimataifa ya kutahini, na mwaka huo huo mtihani wa kwanza ukafanyika. Kwa hiyo mama mkwe wako wa watoto saba hayuko mbali na waanzilishi hata kidogo. Mwambie hivyo, atafurahi, na utakuwa umepata mlinzi wa watoto siku za masomo.

Bodi hiyo ina njia tatu za kufika kwenye mtihani. Moja ni kusoma chuo chenye programu iliyoidhinishwa, nyingine ni kufanya kazi chini ya mshauri mwenye cheti kwa saa 500. Ya kwako ni ile ya watu ambao tayari ni wahudumu wa afya, na mkunga yumo kwenye orodha yao. Maana yake masomo 14 ya msingi, yale ya anatomia, lishe, ukuaji wa mtoto na mengineyo, hulazimiki kuyarudia. Leseni yako inayabeba. Vinabaki vitu viwili: saa 95 za mafunzo ya unyonyeshaji, ambazo 5 kati yake ni za stadi za mawasiliano, na saa 1,000 za kuhudumia wanaonyonyesha. Zote ziwe ndani ya miaka 5 kabla ya kuomba.

Hapo ndipo jibu la swali lako la miaka tisa lilipo, na halitakufurahisha sana. Miaka minne ya mwanzo imeshapita dirishani. Mitano iliyobaki inahesabika, lakini si kwa zamu nzima. Kuzalisha hakuhesabiki. Kupima presha hakuhesabiki, kubadilisha dripu hakuhesabiki. Ni ule muda tu uliokaa na mama kwa ajili ya kunyonyesha: kumpachika mtoto, kukamua, kumwelekeza mwenye chuchu zilizopasuka, kumkalisha wa njiti kwenye kangaruu, ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, akapata ziwa. Usiku ule wa mwezi wa tatu, ukiutazama kwa haki, ungekupa labda dakika tano.

Kwa hiyo usianze na ada. Anza na daftari. Kesho ukitoka zamu pitia duka lolote pale Rangi Tatu, nunua lile gumu la kurasa nyingi, chora safu: tarehe, mahali, tatizo, ulichofanya, dakika. Jina la mama usiandike. Unapoomba mtihani hutatakiwa kuliambatanisha, ila waombaji wengine huchaguliwa kukaguliwa, na asiye na kumbukumbu hapo hukwama. Tuseme unafanya zamu 4 kwa wiki na kila zamu unapata saa 2 za kweli. Ni saa 8 kwa wiki. Kwa wiki 48 ni 384, yaani 1,000 inafika baada ya miaka miwili na miezi saba hivi. Ukimwomba matroni akupe siku moja ya wiki kwenye chumba cha watoto njiti au kliniki ya watoto, inashuka chini ya miwili. Na umwombe mapema, kwa sababu ukihamishiwa wodi ya upasuaji wa wanaume saa zako zinasimama hapo hapo. Usimweleze habari za cheti cha kimataifa. Atakuona unataka kuondoka. Mwambie unataka kushika suala la unyonyeshaji wodini, lisilo na mwenyewe. Sijamwona matroni anayekataa mtu wa kujitwisha kazi ya ziada bila posho.

Za mafunzo zinapatikana mtandaoni kwa kiasi kikubwa, kidogo kidogo, usiku kama unavyofanya sasa. Kuna pia yale mafunzo ya saa 40 ya ushauri wa unyonyeshaji yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ambayo wizara na miradi huyaendesha mara kwa mara. Yakitangazwa, pigania nafasi. Najua hapa kwetu semina inagawiwa kwa zamu ya posho, si kwa hamu ya kujifunza, lakini wewe kwenye barua ya maombi andika hamu. Cheti chenye saa na tarehe kitunze kama cheti cha ndoa.

Kiingereza kisikuogopeshe hivyo. Maswali ni 175, yote ya kuchagua jibu; huandiki insha. Na mengi yanakuja na picha: ziwa lenye wekundu upande mmoja, chuchu iliyotoka ndani ya mdomo wa mtoto ikiwa imebonyea kama mdomo wa lipstiki, ulimi uliofungwa chini. Picha hizo wewe umeziona kwa macho, zikipumua, na aliyezisoma kwenye kitabu tu hajaziona. Cha kusoma ni majina yake. Andika kwenye kurasa za nyuma za daftari lile lile neno la kitabuni na mbele yake lile mnalolitumia wodini. Mtihani hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Septemba. Ada yake inapangwa kwa kipato cha nchi, sisi tuko kwenye kundi linalolipa pungufu, na kabla ya kulipa soma mwongozo wa watahiniwa wa mwaka huo maana masharti hubadilishwa. Kikoba chako usikiguse mwaka huu. Ada ya mtihani ni ya mwisho kabisa kulipwa, na ukifika huko utakuwa umezungusha mzunguko wa kikoba mara mbili.

Sasa yule mama. Nimesoma hiyo aya yako mara tatu.

Mimi nilikuwa mkunga kabla hujazaliwa, na nilimsukuma mtoto kisogoni miaka yote hiyo, kwa sababu ndivyo nilivyoonyeshwa. Mtoto ukimsukuma kisogo anajipinda kinyumenyume na kuukaza mwili, halafu tunasema hataki ziwa. Anashikwa shingoni chini ya masikio na mabegani, pua ielekee chuchu, kichwa kiwe huru kuinuka, kidevu kitangulie. Hilo ndilo la kwanza. La pili, upasuaji huchelewesha maziwa kujaa, na dripu nyingi anazopewa mama wakati wa uchungu zinaweza kumzidishia mtoto uzito wa kuzaliwa, kwa hiyo sehemu ya kilichopungua huwa ni maji tu. Lakini kutoka 3.1 hadi 2.6 ni zaidi ya asilimia 16, na ikivuka 10 hakuna tena habari ya atazoea. Ungekuwa umemwambia mama neno moja la nepi, angerudi siku ya tano: kuanzia siku ya tano mtoto akojoe mara sita au zaidi kwa siku, na choo kiwe kimeshatoka kwenye weusi kimekuwa njano. Mama wa darasa la saba analihesabu hilo bila mzani.

La tatu ndilo lililonifanya nitamani ningekuwa na umri wako. Tulikuwa na jibu moja kwa kila mama asiye na maziwa: mtori, uji wa pilipili manga, supu ya pweza, na mtie tu. Kumbe mama ambaye kipande cha kondo kimebaki ndani, maziwa yake hayajai mpaka kitolewe. Yupo ambaye matiti yenyewe hayakukua vya kutosha tangu ujana. Na yupo aliyetoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua, tezi iliyo chini ya ubongo ikakosa damu ikafa, na tezi hiyo ndiyo inayoamuru maziwa. Huyo unaweza kumpa pweza wote wa soko la feri. Wangapi wa namna hiyo tuliwaambia wavivu, Mungu pekee ndiye anajua. Damu wewe unaziona kila wiki. Ujuzi huu utakufanya uandike kwenye faili la aliyepoteza damu nyingi, "maziwa yafuatiliwe," kabla mtoto hajaanza kukauka.

Na ujuzi wenyewe haujalala. Mwaka 1987 ziwa langu la kushoto lilivimba, wakanikanda kwa taulo la moto na kunikamua kwa nguvu mpaka nikaona nyota, likaishia jipu na kisu. Mnafundishwa hivyo hivyo hadi leo, usinikatalie. Mwongozo wa madaktari wa unyonyeshaji uliotolewa 2022 unasema kinyume: ubaridi badala ya moto, kugusa kwa wepesi kama unapaka mafuta, mtoto anyonye kama kawaida bila kukamua kupita kiasi. Nilipousoma niliwaza miaka thelathini na tano, na taulo lile.

Lakini kuna ambacho vitabu vya kozi hiyo havitakufundisha, na hapo wewe utakuwa mwalimu. Kubemenda. Mtoto akikonda Mbagala au Tandika, kabla mtu hajaangalia anavyoshika ziwa, jicho linamwendea mama: amelala na mumewe mapema, au ametoka nje, amembemenda mtoto. Mama anajua atakavyosemwa. Kwa hiyo mtoto akianza kupungua haji kliniki. Anamwachisha ziwa kimyakimya, anaanza kopo au uji mwepesi, akija kwako ameshakuwa na hadithi nyingine. Mshauri aliyesomea Ulaya atamuuliza mtoto ananyonya mara ngapi, mama atajibu kumi. Wewe utajua kumtoa kwanza bibi chumbani, umwambie kwa sauti ya chini kwamba uzito hauna uhusiano na alivyolala, kisha ndipo umuulize mara ngapi. Na la maji vilevile: joto la Februari, bibi anasema mtoto ana kiu. Ukimwambia bibi amekosea umeshampoteza. Mwambie zaidi ya asilimia 80 ya maziwa hayo ni maji, tena yaliyochemshwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, atacheka, atakubali. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta ni asilimia 59 ya watoto wa chini ya miezi 6 wanaopata maziwa ya mama peke yake. Waliobaki karibu wote wananyonyeshwa pia. Ni kwamba kuna kikombe kimeingia katikati.

Mumeo. Mwanangu, huyo ni mume mzuri, na hoja yake ni ya kweli. Shahada inatambulika kazini, cheti hiki usikitegemee kukupandisha daraja. Ila yeye anaona kama ni njia mbili na inabidi uchague moja. Saa 1,000 zinakusanyika ukiwa kazini unakolipwa, hazidai likizo wala ada. Mpe hesabu hiyo: miaka miwili na nusu ya kuandika daftari, hakuna pesa inayotoka nyumbani isipokuwa bando. Baada ya hapo, kama nafasi ya shahada imepatikana, nenda, na daftari uende nalo. Mwenye shahada ya ukunga aliye pia na cheti hiki ataonekana kwa macho tofauti na mwenye kimoja. Sikuahidi mshahara. Nasema ataonekana.

Nani wa Mbagala atalipa? Pengine hakuna, na usiwatoze. Watakaolipa wapo ng'ambo ya jiji, na wapo wengi kuliko wenzako wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, 100 akijifungua pacha, na akirudi kazini hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha. Siku ya 80 mama wa benki pale Posta anaanza kuchanganyikiwa: akamue lini, ayaweke wapi, daladala hadi Mbezi ni saa moja na nusu. Atasoma kwamba maziwa hukaa saa 4 bila friji, asijue kwamba hesabu hiyo ni ya joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar mchana joto mara nyingi linapita hapo. Huyo atalipa saa yako moja ya Jumamosi bila kuuliza mara mbili. Kabla hujaanza kumtoza mtu yeyote, nenda Baraza la Uuguzi na Ukunga uulize unaruhusiwa kufanya nini nje ya mwajiri wako. Cheti cha kimataifa hakikupi leseni hapa. Leseni ni ya Baraza. Na hata ukikipata hakikai milele, kinahuishwa kila baada ya miaka 5.

Umri sikuujibu kwa sababu hukuuliza, uliutaja tu. Ukianza daftari kesho utakifanya mtihani ukiwa na 39. Miaka hiyo 39 itafika tu hata usipofanya.

Na ile namba ya simu unayo. Mpigie yule mama. Muulize mtoto ana kilo ngapi sasa, na kama bado ananyonya. Akisema alishaachisha siku nyingi, msikilize tu, usimfundishe. Ukikata simu, muda huo usiuandike kwenye daftari.

Shangazi